Kuku wa Mariam Poni

Asubuhi ile Agnes Keji aliingia chuoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda arusini. Alivaa gauni la kitenge cha manjano ambalo kwa kweli lilishonwa kwa ajili ya Krismasi, lakini Krismasi ilikuwa mbali na moyo wake haukuwa na subira hata kidogo. Siku hiyo Dakta Dumo, mkuu wa kitivo cha kilimo, angekaa nyuma ya darasa lake, asikilize, kisha aamue. Akiridhika, somo la ufugaji litaendelea kufundishwa kwa njia mpya aliyoileta Agnes. Asiporidhika, Agnes atarudi ubaoni kusoma maelezo ya miaka yote huku wanafunzi wakinakili, na njia mpya itazikwa bila matanga.

Njia yenyewe haikuwa na uganga wowote. Mwalimu haingii na majibu, anaingia na tatizo. Wanafunzi wanakaa kwa mviringo, wanachagua mwenyekiti na mwandishi, halafu wanajiuliza: tunajua nini, hatujui nini, tutajuaje? Mwalimu anakaa pembeni na kunyamaza. Anaruhusiwa kuuliza, haruhusiwi kujibu. Na hapo kwenye kunyamaza ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Agnes Keji ni mtu wa maneno tangu alipoota meno. Wiki za kwanza alikuwa akitoka darasani ulimi unamuuma kwa jinsi alivyoung'ata.

Na mwanzoni haikwenda vizuri, tusidanganyane. Vijana wale wale ambao siku ya mechi pale Onduparaka humpigia refa kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, darasani waligeuka mabubu. Macho yote kwa Madamu, kalamu juu, wanangoja atamke neno ili waliandike. Agnes akaona atakufa kwa kiwewe. Ndipo akafanya mambo mawili. Kwanza, aliwaambia Kiingereza ni cha kuandikia, lakini kufikiri wafikiri kwa lugha yoyote iliyo karibu na mdomo. Pili, aliwapa tatizo la kuku.

Aliliandika mwenyewe, jikoni kwake, akisubiri maharage yaive: "Mariam Poni ni mfugaji wa Koboko, karibu na soko. Amevuna karanga nyingi, na mabaki anawapa kuku. Sasa kuku wake wanakufa mmoja mmoja. Kuna nini?" Jibu alilikusudia lifike taratibu, kwamba karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ule ukungu una sumu. Lakini jibu si kitu. Kitu ni ile vurumai iliyotokea alipogawa karatasi. Jamani! Kilugbara huku, Kiswahili kule, Kikakwa na Kiarabu cha Juba katikati, mikono hewani, mtu anampinga mwenzake mpaka anasimama kwenye kiti. Agnes alirudi nyumbani akiimba.

Ndiyo maana asubuhi hii, Dakta Dumo alipoketi nyuma na tai yake na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino, Agnes hakuogopa. Alimwashiria Hakim aanze. Hakim ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kijana mrefu wa Koboko, mtoto wa sajini mstaafu, na kila alichokifanya alikifanya kijeshi. Alisimama mikono imenyooka ubavuni.

"Madamu, tuliligawa kundi. Wengine walikwenda maktaba. Mimi na Lokule na Santa tulikwenda eneo la tukio."

"Eneo lipi?" Agnes aliuliza.

"Koboko, Madamu. Kwa Mariam Poni."

Agnes alisikia kitenge kinambana kifuani. "Hakim, huyo mama nilimtunga. Hayupo."

Hakim alimtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mkubwa wake aliyepewa habari mbovu. "Yuko, Madamu. Tumeongea naye."

Na kwa nini asiwepo? Huku jina la Poni ni jina la zamu ya kuzaliwa, kila ukoo una wa kwake, na Mariam nao si haba. Hao vijana wamekua wakiambiwa kwamba karatasi ya mwalimu haisemi uongo. Hakim, kwake yeye, karatasi ikitaja mtu na mahali, hiyo ni amri ya kwenda. Poni wa kwanza waliyempata alikuwa akiuza vitambaa, hana hata unyoya. Wa pili alikuwa bado ananyonya. Wa tatu alikuwa na kuku kibao, nyuma ya soko, kama karatasi ilivyosema.

"Lakini kuku wake hawafi," Hakim aliendelea. "Kwa hiyo kundi letu lina swali. Nani alikupa hiyo habari? Na pia, Madamu, mwenyewe yuko nje. Alinipigia simu akisema anataka kumwona mwalimu, nikamwambia tunakutana saa hizi. Ana maneno."

Kabla Agnes hajapata pumzi, maneno yakaingia. Yaliingia kwa miguu yake yenyewe, katika leso ya kijani, na jogoo mwekundu kwapani.

"Mimi ndio Mariam Poni," alisema yule mama, akilitazama darasa zima kwa zamu. "Nani hapa alisema kuku yangu iko nakufa?"

Vichwa vyote vikamgeukia Agnes.

"Watoto yenu walipita soko mzima. Kila meza wanauliza, 'Iko wapi Mariam Poni, mwenye kuku inakufa?' Kila meza! Sasa mutu wa Koboko akiniona anavuka barabara. Wateja ya Sudani, hawa walikuwa nabeba kuku yangu mpaka Juba, sasa wanapita mbali wanashika pua. Kuku iko mzima, angalia hii!" Alimwinua jogoo juu, na jogoo naye, Mungu ambariki, akawika hapo hapo. "Nyumba yangu inakula kwa kuku. Mimi nilikosea nini na chuo?"

Agnes alisimama. Aibu ilimpanda kutoka nyayoni. "Mama, hujakosea chochote. Kosa ni langu, nililiandika jina bila kufikiri. Nisamehe sana."

"Samahani nimechukua," alisema Mariam Poni. "Sasa mtafanya nini?"

Hapo Dakta Dumo akainuka kule nyuma, akairekebisha tai yake. "Madamu Agnes, haya ndiyo matunda ya njia yako? Tungekuwa tunasoma maelezo, mama huyu angekuwa sokoni kwake anauza. Haya, mjibu. Mwambie tutafanya nini, kisha tuyafunge mambo haya yote."

Yote. Agnes alilielewa neno hilo vizuri. Na jibu alikuwa nalo tayari, limekaa kwenye ncha ya ulimi: chuo kiwanunue kuku wote, mama aende zake, kelele ziishe. Sentensi moja tu. Angeonekana hodari mbele ya mkuu wake, na pengine angeokoa hata somo. Lakini aliwatazama wale vijana. Walikuwa wameinua kalamu. Wote! Walikuwa wanangoja aseme ili waandike, vile vile kama wiki ya kwanza, na akajua kwamba akifungua mdomo sasa, hata Dumo akimwachia somo lake, litakuwa limekwisha kufa.

Aliketi. Akashika kingo za kiti kwa mikono yote miwili.

"Hakim," alisema, "wewe ndiye mwenyekiti. Mama ameuliza swali."

"Madamu Agnes!" alisema Dumo.

Agnes hakugeuka. Jogoo akakuna shingo yake. Mariam Poni alianza kujifunga leso upya, kama mtu anayejiandaa kuondoka kwa hasira.

"Mama, kaa, tafadhali," alisema Hakim. Alimletea kiti chake mwenyewe. "Lokule, futa ubao. Andika juu: kuku ya Mama Mariam hainunuliwi."

Yalaa! Ikawa kama mtu amezibua bomba. Hakim mwenyewe alitaka waende na kipaza sauti, wazunguke Koboko wakitangaza kwamba kuku wa Mariam hawana ugonjwa. Lokule, mwandishi, mvulana mnene mwenye miwani, aligeuka na chaki mkononi. Akasema, "Wewe! Ukitangaza kuku hawafi, hata yule ambaye hajasikia atauliza, kwani nani alisema wanakufa?" Kicheko kikapasuka, mpaka Mariam Poni akaficha mdomo. Mwingine akasema chuo kiwanunue kuku wote. Agnes akatega sikio, hilo lilikuwa lake. Hakim akalikata bila kupepesa: "Gari la chuo likibeba kuku wote wa mama, Koboko nzima itasema wamepelekwa kuchomwa. Hapo tumemmaliza kabisa."

Agnes alihisi masikio yanamchoma. Kumbe! Ile sentensi yake moja nzuri ingemzika yule mama. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kuruka juu ya meza, na badala yake alikaza mikono kwenye kiti.

Kisha sauti ndogo ilitoka pembeni. Ilikuwa ya Santa, msichana aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Lobule. Tangu muhula uanze, Agnes alikuwa amemsikia akiitikia jina lake tu. "Watu walisikia kwa maskio," alisema Santa. "Tukisema tena, watasikia tena tu. Mi naona tuwaoneshe. Tupike sokoni, tule mbele yao." Halafu akaongeza kwa nguvu zaidi. "Lakini kwanza, sisi wenyewe tunajua kama wale kuku ni wazima? Tulipofika pale tuliuliza tu. Hatukuangalia."

Darasa lilimgeukia Mariam Poni. Agnes naye alimgeukia, kwa hofu kwamba mama atachukia. Mariam Poni alimpima Santa kutoka kichwani hadi miguuni.

"Njoo uangalie," alisema. "Kuku yangu haina siri."

Dakta Dumo alitazama saa yake, akatazama ubao uliojaa maandishi, akatazama saa tena. "Siku ya soko nitakuja Koboko," alimwambia Agnes mlangoni. "Nitaona mwisho wake. Na huo mwisho ndio uamuzi wangu."

Mradi ulianza hapo hapo. Santa na wenzake walishinda kwa Mariam Poni wakifunua mabawa, wakichungulia macho na midomo, wakichokonoa kinyesi kwa vijiti bila hata kuziba pua, wakimwaga juani magunia ya karanga, kwani kumbe naye aliwalisha kuku karanga, na kuzichambua punje kwa punje kutafuta ukungu. Hakim alimleta daktari wa mifugo, naye akawapima kuku na kusema ni wazima. Walikuwa wakimpigia Agnes simu kumweleza, sio kumwuliza, na kila simu ilipokatika alikuwa akijipiga kofi pajani kwa furaha.

Siku ya soko ikafika. Pikapu ya kitivo ilipita Maracha na kuingia Koboko jua likiwa limeanza kukaza. Soko lilikuwa limechangamka: mihogo mikavu, simsim, nguo za mitumba, madereva wa malori ya mpakani wakibishana kwa lugha tatu. Upande wa kuku kulikuwa na wanunuzi wa kutosha, lakini mbele ya matenga ya Mariam Poni palikuwa patupu. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pana, na yeye alikaa katikati yake kidevu juu.

Vijana wakawasha moto. Lokule alikaanga vitunguu makusudi ili harufu ifanye kazi, na kweli watu wakaanza kusogea. Hakim akainua jike moja nono. "Ndugu zangu, sisi ndio tulileta yale maneno hapa. Tulikosea. Leo tunakula kuku ya Mama Mariam mbele yenu."

"Eee, mtoto ya Sajini Yasiri!" alisema mzee mmoja mfupi, akipenya mbele. Alikuwa Sulemani, mchuuzi wa kuku, mtu ambaye akikataa kitu soko lote linakikataa. "Hiyo nono mmechagua ninyi. Mtu anaweza kuficha nzuri moja kwa siku kama hii. Mimi nitachagua."

Hilo hawakulipanga. Lakini Santa alikuwa amekwisha kumfungulia tenga. "Chagua, baba."

Sulemani aliingiza mkono, akapapasa, akapapasa, na akatoa kiumbe. Mama wee! Kuku alikuwa mwembamba, kifua kimebaki mfupa, tumboni hana manyoya, jicho moja nusu limefumba. Umati ukarudi nyuma kwa pamoja. Mtu akasema, "Si mnaona?"

"Hii," alisema Sulemani. "Na huyu mkubwa yenu mwenye tai, ale yeye kwanza."

Dakta Dumo alikuwa amesimama kando na mikono nyuma, amekuja kutazama, hakuja kula. Alimwangalia yule kuku. Kisha akamwangalia Agnes, na katika macho yake Agnes alisoma swali waziwazi: je, huyu ni mzima? Hakujua. Wallahi hakujua! Yeye hakuwachunguza kuku, vijana ndio waliowachunguza. Somo lake lote, jasho lake lote, lilikuwa limening'inia kwenye ule mfupa wa kifua, na kitu pekee alichoweza kufanya ni kugeuza macho kwa Santa. Dumo akayafuata.

"Binti," alisema Dumo, "una hakika?"

Santa hakumtazama Agnes hata kidogo. Alimchukua yule kuku kutoka kwa Sulemani, akamgeuza tumbo juu. "Huyu ametoka kuatamia, Dakta. Tulipoanza kuwachunguza alikuwa juu ya mayai, na sasa vifaranga wake wako nyumbani kwa mama. Kuku akiatamia hali vizuri, anakonda, na manyoya ya tumbo anayatoa. Macho tuliyaangalia, mdomo, kinyesi, chakula chake. Jicho hili amelifumba kwa moshi wa Lokule." Watu wakacheka kidogo. "Daktari wa mifugo naye amempima. Mimi nitakula. Lakini wamesema wewe uanze."

Sulemani aliinama, akapapasa tumbo la kuku kwa kidole, akaguna. Kuatamia anakujua, ila soko zima lilikuwa likimtazama na hakutaka kukubali haraka. "Basi ale," alisema.

Hakim akamwelekeza kuku kibla, akataja jina la Mungu na kumchinja, ili asipatikane Mwislamu wa kusema yeye hali. Kuku akanyonyolewa, akakatwakatwa, akaingia kwenye vitunguu vya Lokule. Hakuna aliyeondoka. Waliokuwa wakinunua mihogo waliacha mihogo. Chakula kilipoiva, Mariam Poni mwenyewe alimnawisha Dakta Dumo mikono, akamwekea sahani ya enyasa, ugali wa mihogo, na paja jembamba la yule mama wa vifaranga.

Dumo alitupa tai begani. Akamega, akachovya, akang'ata. Alitafuna. Kuku aliyekonda ana kazi, kwa hiyo alitafuna sana. Akameza.

"Chumvi," alisema.

Chumvi ikaletwa mbio. Dumo akanyunyiza, akala lile paja mpaka mfupa, akaunyonya mfupa, kisha bila kusemeshwa na mtu akachukua bawa. Hapo umati ukalipuka! Vigelegele, kelele, mikono ndani ya sufuria. Sulemani aliguguna shingo na kutangaza kwamba yeye tangu mwanzo alijua. Wanawake wa Juba walikuwa wameshaanza kuyashika matenga, huyu anavuta huku, huyu kule, na Mariam Poni katikati anapiga kelele kwamba kila mtu asubiri, kuku hawakimbii. Santa alikuwa amekumbatiwa na watu asiowajua. Agnes alijikuta anaruka na kitenge chake cha manjano kama msichana, na hakujali nani anamwona.

Matenga yalipobaki matupu, Mariam Poni alikaa chini, akapangusa jasho, na kuwatazama wanafunzi waliomzunguka.

"Sasa mmeniletea shida nyingine," alisema. "Kuku imekwisha. Watu wote wanataka kuku ya Mariam soko lijalo, na mimi niko na vifaranga tu. Nitafanya nini?"

"Hiyo ni rahisi sana, mama," alisema Dakta Dumo, akijifuta vidole. "Kwanza kabisa, kitaalamu..."

"Dakta, tafadhali," alisema Hakim. "Subiri kwanza. Lokule, una karatasi?"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Lokule alitandaza karatasi juu ya tenga, Santa akamnyang'anya kalamu, mtu akataja vifaranga, mtu akataja majirani wenye majogoo, Mariam Poni akapinga kwa sauti na wao wakampinga yeye. Agnes alimsogelea mkuu wake taratibu.

"Dakta," alinong'ona, "na somo langu, je?"

Dumo alikuwa ameshajikalisha juu ya tenga tupu, shingo ameinyoosha kuwaelekea vijana. Aliinua kidole chenye mafuta.

"Shh, Madamu. Nasikiliza."